Kidonge, pete au sindano: kuchagua dawa kinga ya VVU kwa kusoma utafiti wenyewe

Mwanamke asiye na VVU anayeishi Kisumu, Mbeya au Masaka, na ambaye ana sababu ya kuhofia maambukizi, leo ana njia nne za dawa kinga zilizopitia majaribio ya kitabibu na kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Ya kwanza ni kidonge cha kila siku chenye tenofoviri na emtrisitabini. Ya pili ni pete ya uke yenye dapivirini, inayobadilishwa kila mwezi. Ya tatu ni sindano ya kabotegraviri, inayochomwa kila baada ya miezi miwili, na ya nne ni sindano ya lenakapaviri, inayochomwa mara mbili tu kwa mwaka. Makala hii inazilinganisha njia hizo kwa kurejea majaribio yenyewe, ambayo mengi yamefanyika katika nchi zetu na kwa miili ya wanawake wa kwetu, ili anayechagua, au anayemshauri anayechagua, ajue kila tarakimu anayotajiwa ilipatikana wapi na kwa namna gani.

Nasisitiza namna tarakimu ilivyopatikana kwa sababu tarakimu iliyotajwa peke yake hupotosha. Mtu akisoma kwamba kidonge kilipunguza maambukizi kwa asilimia 75 katika utafiti mmoja na kwamba katika utafiti mwingine hakikupunguza chochote, atadhani wataalamu wanabishana. Kumbe dawa ilikuwa ileile, na tofauti ilikuwa kwamba upande mmoja dawa ilifika mwilini na upande wa pili haikufika.

Kidonge: dawa moja, majibu mawili

Utafiti wa Partners PrEP ulifuatilia jozi 4,747 za wenza wa Kenya na Uganda, ambapo katika kila jozi mmoja alikuwa na VVU na mwenzake hakuwa navyo. Wale wasio na VVU waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: waliopewa tenofoviri peke yake, waliopewa tenofoviri pamoja na emtrisitabini, na waliopewa kidonge bandia kisicho na dawa ndani yake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba tenofoviri peke yake ilipunguza maambukizi kwa asilimia 67, na mchanganyiko wa dawa mbili kwa asilimia 75, na kinga hiyo ilionekana kwa wanawake na kwa wanaume. Hata kabla utafiti haujafikia mwisho, mwezi Julai 2011, kamati huru ya usalama ilielekeza kundi la kidonge bandia lisitishwe, kwa kuwa isingekuwa haki kuendelea kuwanyima watu kinga ambayo ilikwisha kudhihirika.

Karibu wakati huohuo ulikuwa ukiendelea utafiti wa VOICE, uliowahusisha wanawake 5,029 wa Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. Wengi wao walikuwa vijana ambao hawajaolewa, wasiojua hali ya wenza wao. Humo kidonge hakikuonyesha kinga yoyote. Watafiti walipohesabu vidonge vilivyorudishwa na kuwauliza washiriki, ilionekana kwamba zaidi ya asilimia 80 ya vidonge vilikuwa vimemezwa. Walipopima damu, tenofoviri ilionekana katika chini ya theluthi moja ya sampuli. Utafiti wa FEM-PrEP, uliofanyika Kenya, Afrika Kusini na Tanzania, ulisimamishwa mwaka 2011 ukiwa na jibu la aina hiyohiyo, na damu ikatoa maelezo ya aina hiyohiyo.

Nimewahi kusikia wanawake hao wakilaumiwa kwamba walidanganya. Lawama hiyo haina haki, na wala haimsaidii anayetaka kuchagua leo. Mtu alitazame kopo lenyewe: ni kopo la plastiki la vidonge 30, ndani yake mna kifuko kidogo cha kunyonya unyevu, na kila likitikiswa hulia kama manyanga. Linafanana na kopo la dawa za kufubaza virusi, na kwa kweli tenofoviri ni mojawapo ya dawa hizo. Msichana anayelala chumba kimoja na wadogo zake, au mke mgeni anayeishi kwa wakwe, hana kabati la kufunga kwa ufunguo. Kopo likionekana chini ya godoro, atatakiwa aeleze jambo ambalo hakuwa tayari kulieleza. Katika mahojiano yaliyofuata baada ya VOICE, wanawake walitaja mambo haya haya: hofu ya kudhaniwa wana VVU, ugomvi na mwenza, na uzito wa moyo wa kumeza kila siku dawa ya wagonjwa ilhali wao ni wazima. Mke ambaye mumewe ana VVU, analijua hilo, na anakumbushwa na mume huyohuyo kila jioni ameze kidonge chake, yuko katika mazingira mengine kabisa, na ndiyo maana Partners PrEP ilifaulu.

Kwa hiyo asilimia 75 si sifa ya kidonge pekee, ni sifa ya kidonge pamoja na nyumba kinamomezwa. Aliye na mahali pa kukiweka, mwenye mazoea ya kumeza dawa kwa saa moja kila siku, na anayetaka njia anayoweza kuianza na kuiacha bila kungojea miezi, hajakosea akikichagua. Kwa mwanamke kinahitaji siku saba za kumezwa mfululizo kabla ya kutegemewa. Kikiachwa hutoka mwilini upesi, jambo ambalo kwa wengine ni udhaifu na kwa wengine ni faraja. Kinapatikana katika vituo vingi kuliko njia nyingine zote, na Kenya ilianza kukitoa katika mpango wa taifa tangu mwaka 2017. Mwenye ugonjwa wa figo hapaswi kukitumia bila uamuzi wa daktari, na ni vyema mtu apimwe homa ya ini aina ya B kabla ya kuanza, kwa sababu tenofoviri hutuliza pia kirusi hicho, na kuiacha ghafla kunaweza kuamsha ugonjwa wa ini.

Pete

Pete ya dapivirini ni mviringo wa silikoni laini unaokunjika kwa vidole, wenye miligramu 25 za dawa, ambao mwanamke huuingiza mwenyewe ukeni, ukakaa mwezi mzima, kisha akautoa na kuweka mwingine. Majaribio mawili makubwa yalitoa matokeo mwaka 2016: ASPIRE, wenye wanawake 2,629 wa Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, ulionyesha punguzo la maambukizi la asilimia 27, na The Ring Study, wenye wanawake 1,959 wa Afrika Kusini na Uganda, ulionyesha punguzo la asilimia 31. Ndani ya ASPIRE, walio na umri wa miaka 25 na zaidi walipata kinga ya asilimia 61, na walio chini ya umri huo asilimia 10 tu, na hapa pia matumizi ya pete miongoni mwa walio wadogo yalikuwa hafifu zaidi. Pete hiyohiyo ilipotolewa baadaye kwa wanawake waliokwisha kuambiwa kwamba inafanya kazi, katika tafiti za HOPE na DREAM, makadirio ya kinga yalipanda hadi asilimia 39 na 62.

Ukizitazama tarakimu hizo pamoja, pete ni dhaifu kuliko sindano zote mbili, na hilo ni vyema lisemwe waziwazi. Hata hivyo ina jambo ambalo njia nyingine haina: dawa hubaki ukeni na kiasi kidogo sana ndicho huingia katika damu, kwa hiyo figo, ini na dawa nyingine anazotumia mtu haviguswi. Mwenza anaweza asiitambue. Katika utafiti wa REACH, wasichana 247 wa miaka 16 hadi 21 wa Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe walitumia kidonge miezi sita na pete miezi sita, kisha wakaachiwa wachague. Takribani theluthi mbili walichukua pete. Wanaozipuuza asilimia zake wangepaswa kuutafakari uamuzi huo wa wasichana walioijaribu. Pete hulinda katika tendo la ukeni tu. Haimlindi mtu katika tendo la njia ya haja kubwa wala dhidi ya sindano za kuchangia.

Kabotegraviri: miezi miwili kwa miezi miwili

Utafiti wa HPTN 084 ulihusisha wanawake 3,224 katika nchi saba, zikiwamo Kenya na Uganda pamoja na Botswana, Eswatini, Malawi, Afrika Kusini na Zimbabwe. Nusu yao walichomwa kabotegraviri halisi na kumeza kidonge bandia. Nusu walimeza kidonge halisi na kuchomwa sindano isiyo na dawa. Hakuna aliyejua yuko upande gani, wala mwuguzi wake hakujua. Mwezi Novemba 2020 kamati ya usalama ilisitisha ufichaji huo mapema, kwa kuwa tofauti ilikuwa imejionyesha: maambukizi 36 upande wa kidonge na 4 upande wa sindano. Kwa lugha nyepesi, kati ya wanawake 1,000 wanaofuatiliwa kwa mwaka mmoja, takribani 19 waliopewa kidonge wangeambukizwa, na kwa waliochomwa sindano wangekuwa 2.

Hapa inabidi mtu asome kwa makini. Haikuthibitishwa kwamba kabotegraviri ni dawa yenye nguvu mara tisa kuliko tenofoviri. Katika kundi la kidonge, sampuli za damu zenye kiwango kinachoonyesha umezaji wa kila siku zilikuwa asilimia 42 tu, ilhali upande wa sindano asilimia 93 ya muda wote wa ufuatiliaji ulikuwa umefunikwa na dozi zilizochomwa kwa wakati. Kilichoshindanishwa ni mizigo miwili: mzigo wa kukumbuka na kuficha kila siku, na mzigo wa kwenda kituoni mara sita au saba kwa mwaka. Wanawake wengi waliweza kuubeba wa pili.

Sindano yenyewe ni mililita tatu, na huingizwa ndani ya msuli wa kalio. Mbili za mwanzo hupishana kwa wiki nne, kisha kila baada ya wiki nane, na siku ya miadi haina uhuru mwingi: inafaa isipishane na tarehe yake kwa zaidi ya siku saba. Kalio huuma siku moja au mbili. Kwa anayetumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, mwendo huu si mgeni kwake, na pengine ndiyo sababu wengi huuelewa upesi kuliko wataalamu walivyotarajia.

Lenakapaviri: mara mbili kwa mwaka

Utafiti wa PURPOSE 1 ulifanyika Afrika Kusini na Uganda kwa wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25, yaani umri uleule ambao kidonge na pete viliushindwa. Zaidi ya washiriki 5,300 waligawanywa katika makundi matatu. Katika kundi la lenakapaviri walikuwamo 2,134, na aliyeambukizwa hakuwapo hata mmoja. Katika kundi la kidonge kipya chenye aina nyingine ya tenofoviri, maambukizi yalikuwa 39 kati ya washiriki 2,136. Katika kundi la kidonge cha kawaida yalikuwa 16 kati ya 1,068. Matokeo hayo yalitangazwa mwezi Juni 2024, na mwezi uliofuata Profesa Linda-Gail Bekker wa Cape Town aliyasoma mbele ya mkutano wa kimataifa wa UKIMWI mjini Munich.

Utafiti huu haukuwa na kundi la wasiopewa kinga yoyote, na haukupaswa kuwa nalo, kwa kuwa haiwezekani kumwacha binti bila kinga ilhali kinga inajulikana. Badala yake watafiti walikadiria kasi ya maambukizi kwa kuwapima wote waliokuja kuomba kujiunga, na wakapata takribani maambukizi 24 kwa kila wanawake 1,000 kwa mwaka. Ukilinganisha, kundi la kidonge cha kawaida lilipata takribani 17, na hesabu za kitakwimu hazikuweza kuitenga tofauti hiyo na bahati. Kwa mara nyingine, vidonge vingi havikumezwa.

Sifuri hiyo inastahili kufurahiwa, lakini isitafsiriwe kwamba maambukizi hayawezekani. Katika PURPOSE 2, utafiti ndugu uliohusu hasa wanaume wanaojamiiana na wanaume na watu waliobadili jinsia, katika nchi kama Brazil, Peru, Thailand, Marekani na Afrika Kusini, waliambukizwa wawili kati ya 2,179 waliochomwa lenakapaviri. Ni wachache mno, ila si sifuri.

Dozi ya kwanza ina sehemu mbili, na ya pili yake husahaulika. Siku ya kwanza mtu huchomwa sindano mbili za mililita moja na nusu kila moja, chini ya ngozi ya tumbo, na siku hiyohiyo humeza vidonge viwili. Siku ya pili, akiwa nyumbani, humeza vingine viwili. Vidonge hivyo vinne ndivyo vinavyopandisha dawa katika damu upesi huku ile ya chini ya ngozi ikianza kutoka polepole, na asiyevimeza vya siku ya pili hajakamilisha kuanza. Dawa iliyochomwa hujikusanya pale tumboni kama kivimbe kidogo, kigumu, ambacho kidole hukihisi zaidi ya jicho kukiona, na huyeyuka kwa miezi. Katika PURPOSE 1, asilimia 68.8 ya waliochomwa lenakapaviri walipata maumivu, uvimbe au badiliko lingine la mahali pa sindano, lakini walioacha kwa sababu hiyo walikuwa wanne tu. Anayechagua aambiwe habari za kivimbe hicho mapema, ili asije akakigundua usiku peke yake akadhani ni ugonjwa.

Sindano ya marudio ni baada ya wiki 26, na huruhusiwa kuwahi au kuchelewa kwa wiki mbili.

Ukiwa umebaki na sindano mbili

Kwa anayeamua kwamba kidonge na pete havimfai, uchaguzi hubaki kati ya kabotegraviri na lenakapaviri. PURPOSE 1 haikuwa na kundi la kabotegraviri, na HPTN 084 ilifanyika miaka kadhaa kabla, kwa hiyo si sahihi kuchukua 4 ya huku na 0 ya kule ukasema moja imeishinda nyingine. Zote mbili zimewalinda karibu wote waliozitumia kwa wakati. Tofauti zinazofaa kupimwa ziko kwingine.

Ya kwanza ni safari. Mara mbili kwa mwaka badala ya mara sita ni nauli nne zilizookolewa, siku nne za kazi zisizopotea, na mara nne ambazo hutahitaji kumweleza mtu unakwenda wapi. Kwa mvuvi mwanamke wa ziwani, mfanyakazi wa mashamba ya chai anayehama kwa msimu, au mwanafunzi aliye bweni, jambo hili pekee linaweza kumaliza mjadala. Kwa upande mwingine, wapo wanawake wanaopenda kuonana na mwuguzi kila baada ya miezi miwili, wakapimwa na kuuliza maswali yao, na kwao ziara hizo ni msaada.

Ya pili ni nzito zaidi, na nadhani huelezwa kwa uchache kuliko inavyostahili. Sindano zote mbili hukaa mwilini muda mrefu baada ya mtu kuacha. Dawa huendelea kupungua polepole kwa mwaka mmoja au zaidi, ikiwa kidogo mno kuzuia virusi lakini ikitosha kuvizoesha. Mtu akiambukizwa katika kipindi hicho, virusi vinaweza kuwa sugu. Kabotegraviri ni ndugu wa dolutegraviri, dawa ambayo ndiyo nguzo ya matibabu ya VVU katika nchi zetu, na usugu kwa moja unaweza kuigusa nyingine. Lenakapaviri hushambulia sehemu tofauti ya kirusi, yaani ganda lake, na usugu kwake hauivurugi dolutegraviri. Mwanamke anayejua kwamba huenda akahama au akakatiza huduma alitie jambo hili katika mizani yake.

Ya tatu ni kifua kikuu. Rifampisini, iliyomo katika dawa za kawaida za TB, hushusha kiwango cha kabotegraviri kiasi kwamba hazitumiki pamoja. Rifapentini, inayotumika katika baadhi ya dawa za kuzuia TB, nayo ni hivyohivyo. Lenakapaviri pia hushushwa na rifampisini, na anayeitumia huhitaji dozi za nyongeza au njia nyingine kwa uamuzi wa mtaalamu. Kidonge cha tenofoviri na emtrisitabini hakina tatizo hilo. Katika ukanda ambao TB ni ya kawaida kama ilivyo kwetu, anayetibiwa TB leo, au anayeishi nyumba moja na anayetibiwa, aseme kabla hajanyoosha mkono kupokea njia yoyote, na mara nyingi atashauriwa kidonge.

Mimba na magonjwa mengine

Hakuna hata moja ya njia hizi inayozuia mimba, na hakuna inayozuia kaswende, kisonono au klamidia. Mwanamke anayetumia uzazi wa mpango asihofu kuuendeleza: utafiti wa ECHO, uliochapishwa mwaka 2019 na kuhusisha wanawake 7,829 wa Eswatini, Kenya, Afrika Kusini na Zambia, ulilinganisha sindano ya miezi mitatu, kipandikizi na kitanzi cha shaba, na haukuona tofauti kubwa ya hatari ya VVU kati ya njia hizo tatu. Uliona jambo jingine la kuhuzunisha, kwamba wanawake waliokuja kutafuta uzazi wa mpango tu walikuwa wakiambukizwa VVU kwa kasi ya karibu 4 kwa kila 100 kwa mwaka, na ndiyo sababu dawa kinga inapaswa kuwa mezani katika chumba kilekile inapotolewa sindano ya uzazi wa mpango.

Kwa mjamzito na anayenyonyesha, kidonge ndicho kina historia ndefu zaidi ya matumizi. Katika PURPOSE 1 zilitungwa zaidi ya mimba 500, na walioshika mimba waliruhusiwa kuendelea na utafiti wakitaka, jambo ambalo zamani lisingefanyika. Wakati huo wanawake waliondolewa majaribioni mara tu walipopata mimba, kisha daktari akabaki bila jibu la kuwapa.

Kuhusu magonjwa mengine ya zinaa, wapo waliotumaini kwamba doksisaiklini ikimezwa baada ya tendo itayazuia, kama ilivyoonekana kwa wanaume katika nchi nyingine. Utafiti uliofanyika Kisumu kwa wanawake 449 waliokuwa wakitumia dawa kinga haukuona tofauti yenye uzito kati ya waliopewa doksisaiklini na wasiopewa. Watafiti walipopima nywele za baadhi ya waliopewa, dawa ilionekana katika asilimia 29 tu ya sampuli. Msomaji atatambua kwamba hadithi ya VOICE imejirudia kwa kidonge kingine, miaka kumi baadaye. Kondomu bado ndiyo inayofunika yote kwa pamoja, pale mwanamke anapokuwa na kauli juu yake.

Kilichopo kituoni

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza pete mwaka 2021, kabotegraviri mwaka 2022, na lenakapaviri mwezi Julai 2025 katika mkutano uliofanyika Kigali. Mapendekezo ya Kigali yalikuja na jambo dogo lenye faida kubwa: kipimo cha haraka cha VVU, kile cha tone la damu ya kidole, kinatosha kumwezesha mtu kuchomwa sindano hizi, bila kungojea maabara kubwa.

Bei nayo imekuwa kizuizi. Nchini Marekani lenakapaviri ya kinga iliwekewa bei ya zaidi ya dola 28,000 kwa mwaka. Mwezi Septemba 2025 yalitangazwa makubaliano ya watengenezaji wa India kuiuza kwa takribani dola 40 kwa mwaka katika nchi 120 kuanzia mwaka 2027. Kabla ya hapo dozi zinazofika huja kwa ufadhili na kwa hesabu, na mwaka 2025 ulitufundisha jinsi ufadhili unavyoweza kukatika: mwezi Februari serikali ya Marekani iliagiza fedha zake za dawa kinga ziwahudumie wajawazito na wanaonyonyesha tu. Kwa hiyo mtu akichagua sindano aulize kituoni si kama ipo leo tu, bali kama dozi ya pili imepangiwa bajeti.

Utafiti ambao mimi naupa uzito kuliko yote katika suala hili haukushindanisha dawa na dawa. Ni ule wa SEARCH, uliofanyika vijijini magharibi mwa Kenya na kusini-magharibi mwa Uganda, ambapo kundi moja lilipewa huduma ya kawaida na kundi jingine likapewa uhuru wa kuchagua kati ya kidonge, dawa za dharura baada ya tendo, na kabotegraviri, pamoja na uhuru wa kubadilisha kadiri maisha yalivyobadilika. Katika kundi la uhuru, watu walikuwa wamekingwa kwa asilimia 69.7 ya muda. Katika huduma ya kawaida, asilimia 13.3. Walioambukizwa katika huduma ya kawaida walikuwa saba, na katika kundi la uhuru hakuwapo. Zaidi ya nusu yao walitumia sindano wakati fulani, na wapo waliorudi kwenye kidonge, wakaenda, wakarudi. Kila mtu hujikuna ajipatapo, na huduma iliyowaachia watu wajikune wanapofikia ndiyo iliyowalinda.

Kwa msingi huo, ningekuwa namshauri dada yangu mwenye miaka 20, mwenye afya, asiyetumia dawa za TB, na kituo chake kina lenakapaviri yenye uhakika wa kuendelea, ningemwambia aanzie hapo. Angekuwa na mume mwenye VVU ambaye bado hajafikia kiwango cha virusi kutoonekana katika vipimo, na wanatarajia hali hiyo ibadilike ndani ya miezi michache, ningemwambia kidonge kinamtosha. Angekuwa hataki dawa yoyote iingie katika damu yake, ningemwonyesha pete na kumwambia bila kumficha asilimia zake.

Na yeyote atakayechagua sindano aombe pia kopo moja la vidonge vya akiba. Barabara ikikatika kwa mvua, dozi ikichelewa bohari, au msiba ukimpeleka mbali wiki ya miadi, vidonge hivyo humezwa kila siku kuanzia tarehe ya sindano iliyokosekana hadi siku atakaporudi kituoni, apimwe tena, na kuchomwa.